Lugha ya Mawe: Maandishi ya Jiolojia ya Nairobi na Msomaji wa Kawaida

Mtaa wa Kitisuru, ulioko kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, umekaa juu ya migongo mirefu ya ardhi inayotenganishwa na mabonde membamba. Ndani ya mabonde hayo hupita vijito, Gitathuru ukiwa mmojawapo, ambavyo hutiririka kutoka upande wa Kikuyu na Limuru kuelekea mashariki. Zama za ukoloni migongo hiyo ilikuwa mashamba ya kahawa. Siku hizi ni nyumba kubwa zenye nyua na miti, na nyingi miongoni mwa nyumba hizo zina kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, kwa sababu maji ya mfereji wa jiji hayatoshi wala hayaaminiki.

Kabla ya mtambo kuletwa, sheria humtaka mwenye ardhi apate ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi na kuipeleka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji ili apewe kibali. Ripoti huandikwa, hulipiwa, hutiwa sahihi. Aghalabu yule aliyeilipia hufungua ukurasa wa mwisho tu, pale palipoandikwa kina cha kuchimbwa na kiasi cha maji yanayotarajiwa, kisha huifunga. Kurasa zilizobaki zina maneno kama fonolaiti, trakaiti na tufu, pamoja na majedwali ya kemia. Huenda mtu akadhani kwamba tatizo ni Kiingereza. La hasha. Mwenye nyumba wa Kitisuru kwa kawaida ni msomi, na Kiingereza ndicho lugha ya kazi yake. Hata hakimu au daktari aliyezaliwa London hangeifahamu ripoti hiyo. Imeandikwa na mwanajiolojia kwa ajili ya mwanajiolojia mwenzake, ingawa aliyeigharimia ni mtu mwingine kabisa.

Makala hii inakusudia kuchunguza jinsi hali hiyo ilivyotokea katika historia ya maandishi juu ya miamba ya Nairobi na sehemu zinazoizunguka, na nafasi ambayo Kiswahili kilipata, au kilinyimwa, katika historia hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba istilahi za jiolojia, zinazoogofya hivi leo, kwa sehemu kubwa zilikuwa maneno ya wavunja mawe na wakulima kabla ya kuvishwa mavazi ya Kigiriki na Kilatini. Na kwamba mwandishi anayetaka kumfikia msomaji wa kawaida hana budi kuyavua mavazi hayo kwanza, kabla ya kuwaza habari ya kuunda istilahi mpya.

Yafaa kuanza na jiwe lenyewe. Sehemu kubwa ya Nairobi imelala juu ya fonolaiti. Jina hilo lilitungwa mwaka 1801 na Klaproth, mwanakemia wa Berlin, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la sauti na la jiwe. Lakini Klaproth hakubuni wazo. Alilitafsiri kwa Kigiriki neno la Kijerumani lililokuwapo tayari, Klingstein, yaani jiwe liliao. Kwa maana kibamba chembamba cha jiwe hilo kikigongwa kwa nyundo hutoa mlio kama wa chuma. Kwa hiyo jina lililozaliwa kwenye sikio la mgongaji wa mawe lilipelekwa katika maabara, likabatizwa upya, nalo likarudi kwa watu likiwa halitambulikani. Fundi wa mawe katika kwari za Nairobi, ambaye hajapata kusikia habari za Klaproth, huujua mlio huo. Anachokosa ni kuambiwa kwamba jina lile gumu halisemi jambo lolote zaidi ya analolisikia mwenyewe kila siku.

Trakaiti, ambayo ndiyo mwamba mkubwa wa Kitisuru, Kabete na Karura, ina hadithi iyo hiyo. Wanasayansi wa Kifaransa wa mwanzo wa karne ya 19 waliiita hivyo kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukwaruza, kwa sababu uso wake uliovunjika hukwaruza kidole. Tufu limetoka kwa Waitalia, ambao tangu kale wamelikata jiwe hilo laini la majivu ya volkano na kulijengea nyumba, kama lilivyojengewa nyumba nyingi za Nairobi. Neno lava nalo lilitumiwa na watu wa Napoli kwa maji ya mvua yanayoporomoka barabarani, kabla ya kutumiwa kwa uji wa moto wa mlima Vesuvio.

Mfano wa laterite ni bora zaidi. Daktari Mskoti, Francis Buchanan, alipokuwa akisafiri Malabar katika India ya kusini aliwaona watu wakikata udongo mwekundu wenye chuma wakati ungali laini, wakauacha ukauke juani hata ukawa mgumu, wakajengea. Katika kitabu chake cha mwaka 1807 akaupa jina kutokana na neno la Kilatini la tofali. Kenya nzima huijua changarawe ya namna hiyo kwa jina la maramu, neno ambalo nalo lilivuka bahari kutoka India, na hakuna abiria wa matatu asiyejua tofauti ya barabara ya lami na barabara ya maramu. Hapa lugha ya watu imetangulia, na ni msomi aliyebaki nyuma.

Kutokana na mifano hii yaweza kuonekana kwamba dai la baadhi ya wataalamu, kuwa sayansi yao haisemeki kwa maneno ya kawaida, halina msingi katika historia ya sayansi hiyo yenyewe. Hata jina la umbo kubwa kuliko yote katika nchi hizi lilipatikana kwa njia ya kawaida. Mwaka 1891 Eduard Suess, profesa wa Vienna ambaye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki, aliandika juu ya mipasuko ya upande huu wa bara akitegemea habari zilizoletwa na msafara wa Teleki na von Höhnel wa 1887 na 1888. Wajerumani waliliita bonde la namna hiyo Graben, neno lao la kila siku la handaki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1893, John Walter Gregory, kijana aliyeajiriwa katika jumba la makumbusho la London, aliondoka Mombasa kwa miguu pamoja na wapagazi, akafika Baringo na akapanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu. Vipande vya mawe alivyookota vilisafiri vichwani mwa watu waliozungumza Kiswahili. Gregory alishikilia kwamba bonde aliloliona halikuchongwa na mto, bali ardhi yake ilizama baina ya mipasuko miwili iliyokwenda sambamba. Kwa jambo hilo hakutafuta Kigiriki. Alichukua neno la Kiingereza lenye maana ya mwanya au ufa, na kitabu chake cha mwaka 1896 kikalieneza ulimwenguni.

Nacho kitabu hicho hakikuandikwa kwa wanajiolojia peke yao. Sehemu yake kubwa ni masimulizi ya safari, yenye njaa, homa na mito iliyofurika, na maelezo ya miamba yamefuatana nayo. Aliporudi mwaka 1919 na kuchapisha kitabu chake cha pili mwaka 1921, Gregory alikuwa amekuwa profesa Glasgow, na lugha yake ilikuwa imekauka. Anayevisoma vitabu hivyo viwili kimoja baada ya kingine atamwona mwandishi mmoja akimpa kisogo msomaji wake wa kwanza.

Kiswahili kiliipokea istilahi ya Gregory kwa uzuri usio wa kawaida. Bonde la Ufa ni jina lililofaulu kupita yote katika jiolojia ya Kiswahili. Liliitwa mkoa mzima wa Kenya hadi mikoa ilipovunjwa na katiba ya mwaka 2010 ilipoanza kutekelezwa. Limeingia katika mashairi, katika siasa na katika hesabu za mahindi. Sababu ya kufaulu kwake si ngumu kuijua. Neno ufa halikuhitaji maelezo. Kila aliyelelewa katika nyumba ya udongo ameuona ufa ukutani, na kila mtoto ameambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Jina lilikuja likiwa na picha ndani yake.

Hata hivyo, picha nzuri yaweza nayo kupotosha, na hapa ndipo ilipo kasoro ya wale wanaodhani kwamba kazi huisha neno likipatikana. Ufa wa ukutani ni mwembamba, hupanuka, na mwisho wake ni kuanguka kwa nyumba. Bonde la Ufa la Kenya lina upana wa kilomita 60 hivi; sakafu yake ilizama kwa muda wa mamilioni ya miaka, na kuta zake huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mwezi wa Machi mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, mtaro wenye kina cha mita zipatazo 15 ulifunguka karibu na Mai Mahiu, ukaikata barabara ya kwenda Narok na kuwahamisha watu. Magazeti ya ulimwengu yalitangaza kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili. Katika Kiswahili habari hiyo haikuhitaji hata kutiwa chumvi: Bonde la Ufa limepata ufa. Wanajiolojia walipojitokeza, wengi wao walieleza kwamba udongo wa sehemu ile ni majivu ya volkano yaliyolegea, na kwamba maji ya mvua yaliyapekecha chini kwa chini mpaka uso wa ardhi ukatumbukia. Kama mpasuko wa kale ulikuwapo hapo chini, ulikuwa njia ya maji tu, wala haukufunguka siku ile. Maelezo hayo yalikuwa rahisi, na yangaliwatuliza watu wengi. Lakini yalichapishwa kwa Kiingereza katika kurasa zinazosomwa na wachache, na yalifika wakati hofu imekwisha kuenea.

Swali ni kwa nini, baada ya mwanzo mwema wa Bonde la Ufa, kazi haikuendelea. Idara ya serikali ya madini na jiolojia iliundwa Kenya mwaka 1933, katika pilikapilika zilizofuata kupatikana kwa dhahabu Kakamega. Kusudi lake lilikuwa kuwasaidia wenye mitaji na kuisaidia serikali. Mwaka 1934 H. L. Sikes, aliyekuwa mkuu wa kazi za umma katika koloni, alitoa kitabu juu ya maji ya chini ya ardhi ya Kenya, na mwaka 1939 akatoa maandishi juu ya jiolojia ya nchi inayouzunguka mji wa Nairobi. Hizi ni kazi za mtu aliyejua kwamba mji hauwezi kukua bila ya maji, nazo zimeandikwa kwa unyofu ambao waliomfuata hawakuuiga. Lakini msomaji aliyekuwa machoni pake alikuwa mhandisi na mlowezi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mchimbaji.

Ni kweli kwamba katika miaka hiyo hiyo Kiswahili kilikuwa kikishughulikiwa. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Huko Tanganyika gazeti la Mambo Leo lilikuwa likichapishwa tangu mwaka 1923, likifundisha kilimo, afya na ustaarabu kama watawala walivyouelewa. Elimu ya mbu na ya choo ilipata Kiswahili chake. Elimu ya udongo pia iliyapata maneno yake, lakini ilikuja kwa sura ya amri. Watu waliambiwa wachimbe matuta ili mvua isichukue ardhi. Kwa nini mteremko huu na si ule, kwa nini udongo huu hubebwa na ule hubaki, hayo hawakuelezwa. Mwaka 1947 wanawake wa Murang'a walikataa kuyachimba. Serikali ililiona jambo hilo kuwa la siasa, na kwa hakika lilikuwa la siasa, maana kazi ilikuwa ya lazima na ardhi ilikuwa imepungua kwa kunyang'anywa. Lakini ni vigumu kutoona kwamba lugha iliyojua kuamrisha bila kueleza ilikuwa na sehemu yake katika kukataa huko. Ama elimu ya miamba haikupata hata amri. Hakuna aliyehitaji chochote kwa mwananchi kuhusu jiwe ila mikono yake.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kwa njia mbili. Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na orodha za istilahi zikaanza kutolewa, fani baada ya fani. Kenya ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya Bunge mwaka 1974, na kuanzia mfumo wa elimu wa mwaka 1985 kikawa somo la lazima linalotahiniwa. Lakini kwa miaka mingi haikuwa na baraza la kusimamia istilahi, na jiografia iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Nairobi hulikuta Bonde la Ufa katika somo la Kiswahili, kisha hulikuta bonde lilo hilo katika jiografia kwa jina jingine, wala hakuna mwalimu anayelazimika kuyakutanisha.

Orodha za istilahi zimefanya kazi kubwa, na anayezidharau hajui taabu yake. Lakini orodha humsaidia anayejua dhana na kukosa neno. Asiyejua dhana haimfai kitu. Kumwambia msomaji kwamba mwamba fulani ni trakaiti, kwa irabu ya Kiswahili mwishoni, ni kumpa kufuli jipya mahali pa lile la zamani. Na anayetafsiri neno kwa neno yuko katika hatari kubwa zaidi. Mipasuko ya miamba huitwa kwa Kiingereza jina ambalo katika kamusi ndogo hufasiriwa kuwa kosa. Jina hilo nalo lina asili ya wachimba makaa, ambao walipofuata utepe wa makaa na kuukuta umekatika ghafula, walisema umeharibika. Mwenye kujua asili hiyo ataandika mpasuko au ufa. Asiyeijua atauandikia mlima makosa.

Kiswahili hakikuanza jambo hili mikono mitupu. Watu wa pwani wamekuwa wajenzi na mabaharia kwa karne nyingi, na lugha yao ina akiba ya maneno ya mawe ambayo wanaistilahi wa bara mara nyingine huisahau. Baharia aliuogopa mwamba kabla ya mwanajiolojia kuupima, kwa kuwa mwamba uliofichwa na maji ndio uliovunja vyombo. Jabali, fungu, changarawe, kokoto, tumbawe: kila moja lina mpaka wake wa maana uliopigwa na watu waliohitaji kutofautisha kitu kimoja na kingine. Fundi wa Lamu alijua kwamba tumbawe lililotolewa baharini hukatika kwa urahisi likiwa bichi, nalo hukazana likikauka, na kwamba si jiwe moja na lile linalochimbwa nchi kavu. Huu ni utambuzi ule ule ambao Buchanan aliukuta Malabar na kuupa Kilatini.

Nairobi nayo ina akiba yake, ingawa ni changa na imechanganyika. Katika kwari na maduka ya vifaa vya ujenzi husikika maramu, kokoto, vumbi la mawe, jiwe gumu na jiwe laini. Wanunuzi hutaja mawe kwa mahali yalikochimbwa: mawe ya Njiru, mawe ya Ndarugo. Desturi hii yastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo desturi ya wanajiolojia wenyewe. Ripoti ya E. P. Saggerson juu ya jiolojia ya eneo la Nairobi, iliyotolewa na idara ya serikali mwaka 1991 ikiwa ya 98 katika mfululizo wake, ndiyo tegemeo la kila anayechimba kisima mjini hata leo. Majina ya miamba ndani yake ni ya Kapiti, Mbagathi, Kabete, Karura, Limuru. Tufu za Nairobi zimepewa jina la bonde la Kirichwa, na kila mkaaji wa Kilimani na Kileleshwa anajua kwamba huko kuna vijito viwili, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo. Nusu ya kila istilahi, basi, ni mali ya msomaji tayari. Amepita Karura kwa miguu. Amenunua mboga Limuru. Mwandishi mwenye busara angeanzia kwenye nusu hiyo inayojulikana na kumwongoza msomaji hadi nusu ya pili. Ripoti huanzia kwenye ile ya pili.

Si kwamba ripoti ya Saggerson ni mbaya. Ni kazi iliyotimia kwa wale iliyoandikiwa. Ndani yake mna simulizi ya kusisimua kuliko riwaya nyingi, lakini mtu lazima aiokote kipande kwa kipande: kwamba lava ya Kapiti ilitanda juu ya nyanda hizi takriban miaka milioni 13 iliyopita, kwamba baina ya mtiririko mmoja na mwingine palikuwa na maziwa na mito iliyotuamisha mchanga na majivu, kwamba fonolaiti ya Nairobi ilimwagika karibu miaka milioni 5 iliyopita, na trakaiti za Limuru zikafuata baadaye sana, kwamba mji mzima umeinamia mashariki, kama meza iliyokatwa mguu mmoja, na ndiyo sababu mito ya Kitisuru haielekei Naivasha.

Hali kadhalika udongo. Mkaaji wa Nairobi anajua kwamba magharibi udongo ni mwekundu na mashariki, kuelekea Embakasi, ni mweusi, hufura wakati wa mvua na kupasua kuta wakati wa kiangazi. Wengi hudhani kwamba ni mawe tofauti yaliyozaa udongo tofauti. Kwa kiasi kikubwa ni mawe ya ukoo mmoja. Kilichotofautiana ni mwinuko, mvua na mteremko. Huko juu maji hupita na kuondoka, yakiacha chuma kilichoshika kutu, ndicho kinachotia wekundu. Huko chini maji hutuama. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani katika Tanganyika, alilieleza jambo hilo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo: udongo wa kilima na wa bonde ni pete zilizoungana. Neno lake limeingia katika vitabu vya ulimwengu mzima. Lilizaliwa katika nchi ya Waswahili, na mnyororo ni neno la Kiswahili, lakini wanafunzi wa hapa bado hulijifunza kwa Kilatini.

Ili hoja isibaki hewani, yafaa kuchukua sentensi ya namna inayoandikwa katika ripoti za visima vya Kitisuru, na kuitia katika Kiswahili kwa njia mbili. Kwa njia ya orodha ya istilahi itakuwa hivi: kisima kitapenya trakaiti iliyohalika kwa viwango mbalimbali, kisha tufu na sedimenti za Athi ya Juu, ambazo ndizo akwifa kuu, floridi yatarajiwa kuzidi kiwango. Hiki ni Kiswahili sanifu, wala hakina kosa la sarufi. Pia hakisemi kitu.

Kwa njia ya pili: mtambo utakata kwanza udongo mwekundu, ambao ni mwamba uliooza kwa mvua na joto kwa muda mrefu. Chini yake kuna jiwe la kijivu lenye kukwaruza mkono, nalo huitwa trakaiti. Lilitiririka kutoka volkano likiwa uji wa moto, likaganda. Jiwe hili lenyewe halishiki maji ila penye nyufa. Maji mengi yako chini zaidi, katika tabaka za mchanga na majivu zilizotuama baina ya lava moja na nyingine, na kwa hiyo mtambo huenda ukashuka mamia ya mita. Kwa kuwa maji hayo yamekaa siku nyingi ndani ya mawe ya volkano, yamechukua humo chumvi ya floridi. Ikizidi miligramu 1.5 katika lita moja, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa huumia. Maji yapimwe kabla ya kunywewa, wala isidhaniwe kwamba kuyachemsha kutaiondoa floridi. Kadiri maji yanavyopungua chunguni ndivyo inavyozidi kukolea katika yale yanayobaki.

Maelezo ya pili ni marefu mara tano au sita, na hilo ndilo pingamizi litakalotolewa na wataalamu. Lina ukweli wake. Lakini ripoti hizo hazina uhaba wa kurasa. Zinazo kurasa nzima za historia ya bonde ambazo hunakiliwa kutoka ripoti moja hadi nyingine bila kusomwa na yeyote. Tena ionekane kwamba istilahi haikufukuzwa. Trakaiti imetajwa, baada ya jiwe kuguswa kwa mkono. Floridi imetajwa pamoja na inachofanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husemwa, na mara zote msomaji ndiye anayeambiwa ainame. Mwandishi wa jiolojia, ambaye kazi yake hasa ni mambo ya mvunguni, amesamehewa kwa muda mrefu mno.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ikaiwekea haki hiyo utaratibu. Ripoti za visima hukabidhiwa mamlaka ya serikali. Anayeziomba huzipata jinsi zilivyoandikwa.

Huko Kitisuru wanaokunywa maji ya kisima si wale tu waliolipia ripoti. Mwenye nyumba mara nyingi hununua maji ya chupa kwa ajili ya meza yake. Nyuma ya nyumba, karibu na vyumba vya wafanyakazi, kuna bomba linalotoka moja kwa moja katika tangi la kisima, na hapo ndipo mlinzi na mtunza bustani huteka, na watoto wao. Jedwali la kemia liko kabatini, katika nyumba kubwa.